Soya mbili, majina mawili: ni ndugu au si ndugu?

Mkulima wa simu anayeishi Tabata na shamba lake liko Songea au Kilosa, akishaijua soya kidogo, hufikia uamuzi uleule: apande aina mbili. Kutu, yaani ule ugonjwa wa ukungu wa majani, ikiikamata moja, nyingine ibaki. Hoja ni njema, ila ina sharti ambalo mfuko wa mbegu haulisemi: aina hizo mbili zisiwe ndugu wa karibu. Ukipanda ndugu wawili wenye majina tofauti umenunua vitenge viwili vilivyokatwa kwenye jora moja. Kimoja kikichuja, cha pili hakitachelewa.

Na majina ya soya yanapotosha kweli. Aina iliyozalishwa na IITA, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa kilimo cha tropiki, kule Ibadan, Nigeria, kwa jina la TGx 1740-2F inaitwa Tikolore ikiwa Malawi na SB 19 ikiwa Kenya. TGx 1835-10E ikivuka kwenda Uganda inakuwa Maksoy 1N. Mtu anaweza kujisifu kuwa ana mbegu ya Malawi na mbegu ya Kenya, kumbe ghalani ana mbegu moja. Upande wa pili, zipo namba zinazosema ukweli ukijua kuzisoma: katika majina ya TGx, namba ya kwanza ni ya uzao, yaani wazazi gani walikutanishwa, na ile ya baada ya kistari ni ya mstari uliochaguliwa ndani ya uzao huo. Kwa hiyo TGx 1987-10F na TGx 1987-62F ni watoto wa wazazi walewale. Hilo unalipata bure, kabla hata ya kufungua mfuko.

Pale jina lisipokupa jibu, kuna njia tatu za kujua undugu: karatasi ya nasaba, macho shambani, na kipimo cha vinasaba maabara. Hazijibu swali moja, na ndiyo sababu watu hubishana wakiwa wote sahihi.

Kwanza tuone kwa nini soya hasa ndiyo ya kushuku. Mmea huu hujichavusha wenyewe. Uchavushaji wa nje kwa kawaida haufiki asilimia 1. Kila aina hukaa kama ilivyo kizazi baada ya kizazi, na uanuwai mpya haupatikani mpaka mtu aukutanishe kwa mkono. Wanaokutanisha nao hurudia wazazi walewale wazuri. Aina 258 za umma zilizotolewa Marekani na Kanada kati ya 1947 na 1988 zilipofuatiliwa nyuma, zilirudi kwa mababu 80, na 35 kati yao ndio walioleta zaidi ya asilimia 95 ya jeni. Hapa kwetu soya ilifika Amani, Tanga, mwaka 1907 kwa mikono ya Wajerumani, lakini sehemu kubwa ya tunachopanda leo haishuki moja kwa moja kutoka huko. Inapitia kusini mwa Marekani, Ibadan, au makampuni ya kusini mwa Afrika. Bossier, aina kongwe nchini, ni mteule kutoka ndani ya Lee, na Lee, iliyotolewa Marekani mwaka 1954, ni uzao wa S-100 na CNS. Mababu hao wawili wanajitokeza tena na tena katika soya za kusini mwa Marekani na za Brazil, kwa hiyo usishangae ukiwakuta mababu haohao katika aina iliyoingia Tanzania kwa njia nyingine kabisa.

Karatasi ya nasaba

Hii ndiyo njia rahisi kuliko zote, na inafaa kuanza nayo. Unachohitaji ni wazazi wa kila aina, wazazi wa wazazi, na subira ya kugawanya kwa mbili. Kipimo cha undugu huenda kutoka 0 hadi 1, na maana yake ni hii: ukichagua sehemu yoyote ya kromosomu, kuna uwezekano gani kwamba aina hizi mbili zimerithi jeni ileile kutoka kwa babu yuleyule?

Aina ikilinganishwa na yenyewe ni 1. Mzazi na mtoto ni 0.5, ikiwa wazazi wawili hawana undugu. Ndugu wa baba na mama ni 0.5 pia, wa upande mmoja ni 0.25. Mtoto aliyerudishwa kwa mzazi mmoja (yaani aliyekutanishwa naye tena) mara moja anafika 0.75 kwa mzazi huyo, mara mbili 0.875. (Anayetoka kwenye jenetiki ya binadamu ataona namba hizi ni kubwa mno. Ni kwa sababu soya imejichavusha hadi nakala zake mbili za kila jeni zikafanana.) Kwa mteule aliyetolewa ndani ya aina nyingine, kama Bossier kwa Lee, wengi huandika 0.75.

Tuchukue mfano wa kubuni. Aina X ni uzao wa Bossier na soya ya Indonesia isiyo na undugu na Lee. Undugu wa X na Lee ni nusu ya 0.75 ukijumlisha nusu ya 0, yaani 0.375. Aina Y ni uzao wa Lee na mzazi mwingine mgeni kabisa. Undugu wa X na Y ni nusu ya 0.375, yaani 0.1875. Kwa mkulima hizo zinatosha kuitwa tofauti. Kwa mzalishaji wa aina mpya anayetafuta wazazi wa kukutanisha, zinakubalika. Ukifika 0.5 na kwenda juu, kukutanisha ni kupoteza misimu: watoto watafanana na wazazi na hutakuwa na cha kuchagua.

Kasoro za karatasi ni tatu. Ya kwanza, mababu wa mwanzo huhesabiwa kuwa hawana undugu kwa sababu tu hakuna aliyeandika. S-100 imeandikwa kuwa mmea mgeni uliookotwa ndani ya shamba la aina iitwayo Illini. Mgeni huyo baba yake nani? Karatasi imenyamaza, na hesabu inajaza sifuri au kubahatisha. Ya pili, hesabu huamini kila mzazi ametoa nusu kamili, wakati uteuzi huvuta upande mmoja. Ya tatu ni ya kibinadamu zaidi: ua la soya ni dogo na hujichavusha mapema, mara nyingi kabla halijafunguka. Mtu akichelewa kutoa viriba (vifuko vya chavua) kwenye ua la mama, mama ameshajichavusha. Atavuna mbegu, ataandika "uzao wa A na B", na kilichomo ni A mtupu. Kinga yake inajulikana: mama awe na ua jeupe, baba zambarau. Zambarau hutawala, hivyo mche wowote wa kizazi cha kwanza wenye shingo ya kijani ni mtoto wa mama peke yake, ung'olewe.

Macho shambani

Njia hii inadharauliwa na wasomi na kutegemewa kupita kiasi na wafanyabiashara. Rangi ya ua, rangi ya vinyweleo, rangi ya ganda la tumba na namna ya kukua (shina linalokoma au linaloendelea) ndizo alama kuu. Tabia hizi zinaongozwa na jeni chache sana. Ua lina hali mbili, vinyweleo viwili, tumba tatu, ukuaji mbili: zidisha, unapata makundi 24. Mkusanyo wa taifa wa Marekani una sampuli karibu 20,000. Kwa hiyo aina mbili kufanana kwa macho si ushahidi wa undugu hata kidogo.

Kutofautiana ndiko kunakosema kitu, lakini kinyume na watu wanavyodhani: kunathibitisha kuwa si mbegu moja, hakuthibitishi kuwa si ndugu. Ndugu wa baba na mama wanaweza kutoka mmoja na ua jeupe, mwingine zambarau.

Basi macho yanafaa wapi? Kwenye usafi wa mbegu, na hapo hayana mpinzani kwa gharama. Chukua punje 100, panda kwenye trei ya mchanga mahali penye mwanga wa kutosha. Siku ya 7 hadi ya 10 tazama shingo ya mche, chini ya majani ya kwanza. Aina ya ua jeupe hutoa shingo za kijani zote. Ukikuta tatu za zambarau, una mchanganyiko usiopungua takriban asilimia 3. "Usiopungua", kwa sababu punje za aina nyingine yenye ua jeupe zimepita bila kuonekana. Ukiweka trei gizani ndani ya stoo, miche itarefuka na rangi itakuwa hafifu, nawe utaandika kuwa mbegu ni safi.

Kuna kipimo kingine hakihitaji hata kupanda. Mmea wenye vinyweleo vya kijivu hauwezi kutoa punje yenye jicho (lile kovu mahali punje iliposhikamana na tumba) jeusi kabisa. Jicho lake ni jeusi lililofifia, la rangi ya ngozi, au la njano. Maelezo ya aina yakisema vinyweleo kijivu, na kwenye gunia kuna punje za jicho jeusi tii, hizo ni wageni. Jihadhari na punje ambazo rangi ya jicho imemwagika juu ya ganda kama wino: mara nyingi hayo ni matokeo ya virusi vya batobato au baridi wakati punje zinajaza, si mchanganyiko wa aina. Na ukikuta mchanganyiko wa kweli, usianze kulaumu nyuki. Kwa mmea unaojichavusha hivi, mchanganyiko huja na mashine ya kupukuchulia isiyosafishwa, turubai la jirani, na gunia lililotumika mara mbili.

Kipimo cha vinasaba

Hapa ndipo watu wa mjini hukimbilia wakidhani ni hakimu wa mwisho. Ni hakimu mzuri, ila lazima aulizwe swali sahihi.

Soya ina jozi 20 za kromosomu, na ramani yake kamili, iliyochapishwa mwaka 2010, ilisomwa kutoka aina iitwayo Williams 82. Alama zinazotumika ni za aina mbili. SSR ni vipande vinavyojirudia, vyenye hali nyingi tofauti kwa kila alama. 20 hadi 30 zikitawanywa angalau moja kwa kila kromosomu zinatosha kutofautisha aina kwa kazi za kawaida. SNP ni badiliko la herufi moja, lina hali mbili tu, kwa hiyo zinahitajika nyingi. Kipo kifaa kinachosoma zaidi ya 50,000 kwa mkupuo, na mkusanyo ule wa Marekani ulipimwa kwacho. Kwa SSR chache, tano au sita, usikubali jibu la "zinafanana". Huenda zimefanana kwenye hizo tano tu.

Sampuli huharibikia njiani kabla ya maabara. Chukua jani changa ambalo bado linakunjuka, ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, kila mmea kwenye bahasha yake ya karatasi, kisha bahasha zote ndani ya chombo kinachofunga vizuri chenye silika jeli isiyopungua mara kumi ya uzito wa majani. Silika ikibadilika rangi, ibadilishe siku hiyohiyo. Jani bichi lililofungwa kwenye nailoni na kupandishwa basi la Songea–Dar linafika jeusi, na vinasaba vyake vimekatikakatika. Jijini Dar, kituo cha Mikocheni cha TARI, taasisi ya utafiti wa kilimo, ndicho kinachojulikana kwa bioteknolojia ya mimea. Kama kazi itapelekwa nje ya nchi, vibali vya kusafirisha sampuli za mimea vianze kushughulikiwa kabla hujachuma jani la kwanza.

Idadi ya mimea inategemea swali. Ukitaka kulinganisha aina na aina, majani ya mimea 8 hadi 10 yaliyochanganywa yanatosha. Ukitaka kujua kama gunia limechanganywa, usichanganye majani. Pima mmoja mmoja. Ili uwe na uhakika wa asilimia 95 wa kunasa angalau mgeni mmoja pale ambapo wageni ni asilimia 5, unahitaji mimea 59. Wakiwa asilimia 1, unahitaji 299. Ndiyo maana trei ya mchanga inatangulia.

Kisha huja kosa linalofanywa hata kwenye tasnifu: "aina hizi zinafanana kwa asilimia 80, hivyo ni ndugu." Soya mbili zisizo na undugu wowote unaojulikana zinafanana kwa sehemu kubwa tayari, kwa kuwa hali ni mbili tu na mmea wote ulipita kwenye tundu jembamba ulipofugwa kutoka soya mwitu. Lazima ujue kiwango cha kuanzia. Tuseme katika seti yako aina zisizo ndugu hufanana 0.60. Jozi yenye 0.80 inahesabiwa hivi: (0.80 − 0.60) ÷ (1 − 0.60) = 0.5. Hao ni ndugu wa baba na mama. Lakini kama kiwango cha kuanzia ni 0.75, jozi ileile ya 0.80 inakuwa 0.2, chini kidogo ya ndugu wa upande mmoja. Namba moja, hukumu mbili. Ripoti isiyotaja kiwango cha kuanzia irudishe. Vivyo hivyo mchoro wa matawi: ongeza au punguza aina kumi kwenye seti, na matawi yanaweza kuhama. Mchoro unaonyesha nani anafanana na nani, hauonyeshi nani alimzaa nani.

Na hata hakimu huyu hukuta aina si kitu kimoja. Williams 82 ilitengenezwa kwa kumrudisha mtoto kwa Williams mara sita ili kubakiza jeni moja ya kinga dhidi ya kuoza mizizi kutoka aina iitwayo Kingwa. Watafiti walipolinganisha mimea mbalimbali ya Williams 82 walikuta haifanani kabisa: vipande vya Kingwa vimo kwa baadhi na havimo kwa wengine. Tofauti ndogo ndani ya gunia moja si lazima iwe udanganyifu.

| Unachouliza | Karatasi | Macho | Vinasaba |
|---|---|---|---|
| Majina mawili, mbegu moja? | Ndiyo, kama asili imeandikwa | Hukanusha tu | Bora zaidi |
| Undugu ni kiasi gani? | Makadirio mazuri | Hapana | Ndiyo, ukijua kiwango cha kuanzia |
| Gunia ni safi? | Hapana | Anza hapa | Ukithibitisha shaka |
| Zina kinga ileile ya kutu? | Uliza chanzo cha kinga | Mpaka kutu ije | Alama za jeni husika |
| Muda | Siku moja | Siku 10, au msimu | Wiki kadhaa |

Mstari wa nne ndio unaomhusu mkulima wetu wa Tabata, na ndio unaohitaji maneno zaidi. Kutu ya soya ilionekana Uganda mwaka 1996, Zambia na Zimbabwe 1998, na tangu hapo kila programu ya mbegu ya ukanda huu inaitafutia kinga. Kinga inayotegemea jeni moja moja, zile za kundi la Rpp, hushindwa pale vimelea vinapobadilika. Sasa rudi kwenye maana ya kipimo cha undugu: 0.25 ni uwezekano wa kushirikiana jeni yoyote ile. Jeni ya kinga si jeni yoyote. Ndiyo iliyokuwa inachaguliwa kwa makusudi kila kizazi. Aina mbili zenye undugu wa 0.25, kama zote zilipewa kinga na mzazi mmoja, kwa jeni hiyo zinafanana moja kwa moja. Kwa hesabu ya jumla ni mbalimbali. Kwa kutu ni mtu mmoja. Swali la kumpelekea muuza mbegu au mtafiti wa kituo cha kilimo cha Uyole, Mbeya, si "aina hizi zina undugu?" bali "kinga ya kutu ya hii imetoka kwa mzazi gani, na ya ile?" Akijibu mzazi mmoja, tafuta aina ya pili kwingine.

Kutofautiana kwa damu hakumaanishi kufaa, vilevile. Williams 82 iko mbali na Bossier kwa nasaba, na mtu anayetazama mchoro wa matawi tu anaweza kuiona kuwa mwenza mzuri. Ni soya ya siku ndefu za kiangazi cha Illinois. Ukiipanda Songea, penye mchana mfupi, itatoa maua ingali fupi mno na mavuno yatakuwa ya kuhesabu tumba. Kwanza chuja kwa siku za kukomaa na mazoea ya latitudo zetu, ndipo upime undugu wa zilizobaki.

Tofauti nyingine ya kifamilia yenye faida mfukoni ni vinundu vya mizizi, ambamo bakteria huupa mmea naitrojeni. Aina nyingi zenye asili ya Marekani huchagua bakteria, hivyo Bossier kwenye shamba ambalo halijawahi kuona soya inahitaji chanjo ya rhizobia, yaani bakteria hao. Soya za TGx zilizalishwa kwa kuingiza damu ya aina za Asia zinazokubali bakteria wa udongo wetu. Hilo huligundui kwenye mfuko: wakati wa maua chimba mimea kumi kwa jembe, usiing'oe kwa kuvuta maana vinundu vitabaki ardhini, kisha pasua vinundu. Wekundu ndani ni kazi inafanyika. Kijani au weupe ni bakteria wasioupa mmea kitu. Jozi ya Bossier yenye chanjo na TGx moja ni chaguo linaloeleweka zaidi kuliko TGx mbili za uzao mmoja, maana hata chanjo ikifia njiani kwa joto la gari, nusu ya shamba haiitegemei.

Kiwanda cha chakula cha kuku hakina haja na haya yote. Kipime protini, mafuta, unyevu na uchomaji wa soya, kiendelee.

Mzalishaji wa mbegu, yeye afanye jambo moja la ziada. Lebo ya TOSCI, taasisi ya kuthibitisha mbegu, yenye namba ya kukwangua inathibitisha jina na daraja la mbegu, haielezi wazazi. Kila unapopokea mbegu ya msingi, weka kando gramu 200, zikaushe hadi unyevu wa asilimia 10 au chini, zifunge kwenye chupa isiyopitisha hewa, andika jina, namba ya shehena na tarehe, weka kwenye friji. Zikiachwa kwenye rafu kwa unyevu wa hewa ya Dar, zinaweza kupoteza uotaji kabla ya msimu ujao, na trei ya mchanga haitakusaidia tena siku mteja atakaporudi na malalamiko. Ikifikia hapo, zipeleke maabara zilivyo: vinasaba bado hutoka hata kwenye punje isiyoota.